Ngoma Isiyomwamsha Mtoto

Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, kanga begani, akatoa sharti moja: "Wanangu, pigeni. Ila mtoto alale." Ukuta wa pili binti yake alikuwa na kichanga cha wiki tatu. Vijana watano wa bendi wakatazamana. Fremu ile ya duka hapa Ngara mjini ndiyo wanayoimudu, na Jumamosi walikuwa na onyesho Biharamulo. Mpiga dramu akajibu kwa niaba ya wote: "Sawa mama, atalala."

Mimi nilikuwa nimekwenda kuandika habari fupi tu, aya nne na picha. Nikakaa saa mbili juu ya kreti la soda, na tangu siku hiyo nina neno na bendi zetu.

Kwanza niwaeleze alichofanya yule kijana, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Alitia blanketi kuukuu ndani ya ngoma ya besi mpaka likagusa ngozi ya mbele na ya nyuma. Juu ya sneya akatandika taulo dogo. Matoazi akayabandika plasta kwa chini. Vijiti vya kawaida akaviweka kando, akatoa vifungu viwili vya njiti za ufagio, vimekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukutani kulikuwa na trei za mayai, kama zilivyo katika kila chumba cha mazoezi nilichowahi kuingia. Jirani hazimsaidii kitu. Zinapunguza mwangwi kidogo mle ndani, lakini mlio mzito wa besi unapita kana kwamba hakuna ukuta. Kinachozuia sauti kutoka ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa nyufa, na chumba chenye mabati matupu juu hakina hata kimoja. Dawa iliyobaki ni mkono wa mpigaji. Basi akaushusha mkono: kijiti kikiinuka kimo cha vidole vinne, hakizidi hapo.

Usidhani ni rahisi. Mpigaji akipunguza nguvu, mwendo nao hulegea, kama mtu anayenyata gizani. Dakika kumi za mwanzo wimbo ulichechemea kweli kweli. Kisha jambo likatokea lenyewe. Mpiga gitaa akagundua kwamba anaifunika dramu, akapunguza amplifaya. Wa besi akamfuata. Mwimbaji, ambaye nimemsikia mara tatu kwenye baa na mara zote alikuwa anapiga kelele, akaacha kupiga kelele.

Ndipo nikasikia maneno.

Wimbo wenyewe unamhusu mwanamke anayeuza ndizi Benaco, pale malori ya Rwanda na Burundi yanaposimama. Dereva mmoja huvuka Rusumo, anakaa wiki, anarudi na namba mpya ya simu. Katika ubeti wa kwanza mwanamke hamuulizi alikuwa wapi. Anamuuliza dizeli imepandaje. Hapo tu. Wivu wote, hofu yote, vimo ndani ya bei ya dizeli. Mara tatu niliucheza wimbo huu bila kujua kwamba una swali hilo ndani yake! Nilidhani ni wimbo wa mapenzi kama mingine, wa nakupenda na usiniache.

Lakini ukimya huo huo uliofichua uzuri ulifichua na ubovu. Ubeti wa pili unaharibu kazi. Mtunzi anaacha kumtazama mwanamke wake, anageuka kutuhubiria: wanaume wa barabarani si wa kuaminika, dada zangu jihadharini. Yaani alichokwisha kutuonyesha anarudi kukieleza, kama mtu anayesimulia kichekesho halafu anafafanua pa kucheka. Nilimwambia. Akasema, "Kaka, jukwaani ubeti ule hausikiki, kwa hiyo sikuhangaika nao." Jibu hilo lilinisumbua njia nzima kurudi nyumbani. Ametunga kwa kutegemea kwamba hatasikika.

Na hili ndilo nalolia nalo. Dansi ya Tanzania ilijengwa juu ya maneno. Muundo wake wenyewe ulitoa heshima hiyo: sehemu ya kwanza taratibu, waimbaji wanasimulia kisa, watu wanasikiliza, halafu inakuja chemko, magitaa na ngoma vinachukua uwanja. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilipata jina kwa visa vilivyojadiliwa mitaani kama habari za majirani. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka huo huo na akawa mtu ambaye wasikilizaji walisubiri kujua safari hii atasema nini. Bendi nyingi ninazozisikia huku kwetu leo zinaanza na chemko na kumaliza na chemko. Mtunzi akishajua kwamba dramu itamfunika, kwa nini akeshe akitafuta neno?

Wapenzi wa ushairi tunaujua ugomvi huu kwa sura nyingine. Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wako waliosema si mashairi kwa kuwa vina na mizani ya kawaida havimo. Vina ni ngoma kubwa ya ushairi wetu, na mimi navipenda. Lakini nani hajawahi kusoma shairi lenye vina safi kabisa, akamaliza, asikumbuke lilisema nini? Debe tupu nalo huvuma.

Sasa niwape nafasi wanaonipinga, maana wana hoja nzito kuliko wanavyojua. Huku si mahali pa kuidharau ngoma yenye kishindo. Kwa Kirundi na Kinyarwanda neno *ingoma* ni ngoma na ni ufalme pia, na Kihangaza cha Ngara ni jirani wa damu wa lugha hizo. Ngoma ya kifalme ya Burundi, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, ilipigwa ili ifike vilima vya mbali. Mti wake unaitwa *umuvugangoma*, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Rekodi za wapigaji hao zilisafiri mpaka Joni Mitchell akaziweka katika wimbo wake "The Jungle Line" mwaka 1975. Kumwambia mtu wa ukanda huu apige ngoma kwa kunong'ona kunaweza kuonekana ni tusi.

Mimi nasema: tazama kishindo kile kilikuwa na kazi gani. Kilitangaza. Kilikuwa ndiyo ujumbe wenyewe, na hakikuwa kinamfunika mtu anayejaribu kusimulia habari za dizeli. Tena kilikuwa na sharti zake: nani apige, lini, mbele ya nani. Hata mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri iliyokataza wanawake kuipiga, amri ambayo mimi siipendi, lakini inaonyesha kwamba ngoma haikuwa kelele ya hovyo kamwe. Kule Ngara sharti lilitoka kwa mama mwenye mjukuu. Nalo ni sharti halali.

Jumamosi nilipanda gari mpaka Biharamulo. Blanketi halikuwemo, taulo halikuwemo. Walipiga kwa nguvu zote, spika zikakoroma, na swali la dizeli likazama. Watu walicheza sana, siwezi kudanganya. Na lazima nikiri pia kwamba kule chumbani chemko lilikuwa limepoa. Kwa njiti za ufagio pekee hakuna ambaye angeinuka kwenye kiti. Kwa hiyo simwombi mtu apige kimya usiku kucha.

Ninachoomba ni dakika tatu za mwanzo. Nilimfuata mpiga dramu nyuma ya jukwaa, nikamwambia hivyo hivyo. Alikuwa anajifuta jasho. Hakubisha, hakukubali. Alifungua begi lake akanionyesha: vifungu viwili vya njiti vilikuwemo, alikuja navyo Biharamulo.

"Nilizitoa," akasema, "nikaona watu wanaongea, nikaogopa."

Namwelewa. Kupiga taratibu mbele ya watu wanaoongea ni kuamini kwamba watanyamaza. Wiki hii mtunzi ameniandikia ujumbe: ubeti wa pili ameufuta, anaandika mwingine. Mazoezi ni Alhamisi, saa kumi jioni, saa ambayo mtoto hulala. Nitakwenda.