Saa Iliyofichwa Ndani ya Waya

Waya ukiwa umepumzika, volteji yake hukaa juu. Ghafla inashuka. Kwa chipu inayosikiliza upande wa pili, iwe kwenye bodi ya Arduino au kifaa cha GPS, mshuko huo ni amri: anza kuhesabu. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kila biti hudumu maikrosekunde 104 hivi. Chipu husubiri nusu ya muda huo, huhakikisha waya bado uko chini, kisha huchungulia kila baada ya maikrosekunde 104, katikati kabisa ya biti, mbali na kingo ambako volteji ingali inayumba. Herufi kubwa A ikipita, kinachosomwa ni 1, 0, 0, 0, 0, 0, 1, 0, biti yenye thamani ndogo ikitangulia. Waya unarudi juu. Herufi imefika.

Hakuna waya wa pili uliobeba saa. Kila upande una saa yake, na hizo mbili hazilingani kamwe. Uzuri wa ufundi huu ni kwamba haudai zilingane. Zikipishana kwa asilimia 2, hadi kufikia mwisho wa herufi kosa ni kama moja ya tano ya biti, na herufi inayofuata huanza hesabu upya.

Data ikimiminika bila kupumua, mbinu hiyo haitoshi. Etheneti ya megabiti 10 iliazima mfumo wa Chuo Kikuu cha Manchester, uliotumika kuhifadhi data kwenye ngoma ya sumaku ya kompyuta ya Mark 1: kila biti lazima ibadilike katikati. Ikipanda ni 1, ikishuka ni 0. Hata zije sufuri elfu, saa inasikika kila nanosekunde 100. Ila ni ghali, kwani waya huweza kugeuka mara mbili kwa biti moja.

Wabunifu wa USB walikuwa wabahili, na ubahili wao unastahili sifa. Kwenye USB 2.0, sufuri hugeuza hali ya waya. Moja huiacha ilivyo. Moja zikifuatana mno, waya huganda na mpokeaji hupoteza hesabu. Kwa hiyo baada ya moja sita, mtumaji huchomeka sufuri isiyo ya ujumbe, hata kama biti inayofuata ni sufuri yenyewe. Mpokeaji hurekebishia saa yake hapo, kisha huitupa sufuri hiyo. Na akihesabu moja saba mfululizo katikati ya pakiti, anajua imeharibika, anaikataa.