Alama 7 za kidole tumbo: zinatosha kumpasua mtu?

Kidole tumbo kikivimba, daktari anaweza kukosea kwa njia mbili. Akichelewa, kinapasuka na usaha unamwagika tumboni. Akiharakisha, anamfungua mtu na kukuta kidole kizima kabisa. Ili kupunguza makosa hayo, mwaka 1986 Alfredo Alvarado alichapisha, huko Marekani, mfumo wa alama 10 alioupata kwa kupitia mafaili ya wagonjwa 305. Baadaye kipengele kimoja cha damu kikaondolewa, zikabaki 9.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Maumivu kuhamia chini kulia, alama 1, kukosa hamu ya kula, 1, kichefuchefu au kutapika, 1, homa, 1, maumivu kuzidi daktari anapoachia mkono ghafla, 1, maumivu ukibonyezwa chini kulia, 2, chembe nyeupe za damu kupanda, 2. Ukipata 7 au zaidi, unaelekea kwenye upasuaji. Ukipata 5 au 6, unaangaliwa kwanza.

Je, unafanya kazi kwetu? Madaktari wa Bugando, Mwanza, waliupima kwa wagonjwa 127 na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Maabara ilithibitisha ugonjwa kwa 85. Waliobaki 42, yaani asilimia 33.1, walitolewa kidole kisicho na ugonjwa. Mfumo uliwatambua asilimia 94.1 ya wagonjwa wa kweli, na asilimia 90.4 ya wasio nao. Kwa hiyo, kama alama zingefuatwa, wengi wa wale 42 wangeepuka kisu. Hilo si jambo dogo.

Lakini ngoja kwanza. Wote 127 walipasuliwa. Maana yake, mfumo ulipimwa kwa watu ambao tayari walikuwa wamefika meza ya upasuaji. Aliyekuja na tumbo, akapewa dawa akarudi nyumbani, hayumo kwenye hesabu.

Sasa ichukue hesabu hiyo uipeleke Kanyenye, mjini Tabora, kwenye foleni ya asubuhi ya zahanati. Hapo wengi wanaoumwa tumbo hawana ugonjwa wa kidole tumbo. Malaria peke yake inaweza kuleta homa, kutapika na kukosa hamu ya kula: alama 3 kabla tumbo halijaguswa! Asilimia za Bugando haziwezi kuhamia hapo zikiwa vilevile.

Halafu kuna wanawake, ambao walikuwa 90 kati ya wale 127. Kwao mfumo ulitambua asilimia 88.3 ya wagonjwa. Kwa wanaume, 95.8. Mimba iliyotunga nje ya kizazi au maambukizi ya mirija huuma palepale, na kati ya maswali yote hakuna linalouliza kuhusu ujauzito. Kipimo cha mimba kitangulie alama.

Na pasipo kipimo cha damu? Alama 2 zinapotea. Mwenye 5 anaambiwa asubiri, kumbe huenda ana 7. Asiandikiwe sifuri pale ambapo hakupimwa.

Uchambuzi wa tafiti 42, uliotoka pia mwaka 2011, unatusaidia kuupa mfumo wa awali nafasi yake. Kwa kikomo cha alama 5, ulikamata asilimia 99 ya wagonjwa. Kwa kikomo cha 7, uliwatambua wasio wagonjwa kwa asilimia 81 tu. Basi ni chombo kizuri cha kusema "huyu si wa kisu," lakini ni dhaifu kinapotumika peke yake kuamuru kisu.

Utafiti tunaouhitaji ni ule unaoanzia kwenye foleni na kuwafuatilia hata walioruhusiwa. Mpaka hapo, ukiambiwa una alama 4, usiondoke hivihivi. Uliza urudi baada ya saa ngapi, maana alama hupanda ugonjwa unapokua. Wa Kanyenye ana hospitali ya mkoa, Kitete, mjini humohumo. Aliyetoka kijijini Sikonge hana uhakika wa usafiri wa kurudi usiku. Kwake ni salama zaidi kuangaliwa wodini kuliko kuruhusiwa.