Fundi Hujulikana kwenye Sailensa

Gari likitetemeka kwenye sailensa, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta, fundi hujulikana kabla hajashika spana. Anayekwambia "badilisha plagi zote" hata boneti hujafungua, mshukuru uondoke. Huenda akapatia, ila atakuwa amebahatisha kwa pesa yako.

Fundi mzuri huanza na maswali. Linatetemeka kwenye D tu, au hata N? Likiwa baridi, au likishapata moto? Ukiwasha AC je? Halafu huwasha gari, akautazama mshale wa RPM. Magari mengi madogo yakipata moto hukaa kati ya 600 na 800. Mshale ukitulia lakini usukani unatetemeka kwenye D, na ukitia N mtetemo unapungua, atainama kukagua mauntingi: raba imekatika, au mauntingi ya mafuta imevuja. Mshale ukipanda na kushuka, atawaza throto yenye uchafu, au mpira uliopasuka unaovuta hewa kwa mlango wa uani. Ufa wa namna hiyo mara nyingi hupiga mluzi, ndiyo maana atakuomba uzime redio.

Misi, yaani silinda kukosa kuwaka, ndiyo inayompima hasa. Chukua IST au Probox yenye injini ya 1NZ, ambayo kila silinda ina koili yake. Gari likiwa linanguruma, fundi huchomoa soketi ya koili ya kwanza. Injini inalegea, anairudisha soketi upesi, maana petroli isiyoungua huharibu katalisti. Ya pili, inalegea. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Mgonjwa huyo.

Mwenye haraka hapo hapo hukutuma dukani ukanunue koili. Mjuzi huzima gari, akaihamishia koili ile silinda ya jirani. Misi ikihama nayo, koili imekufa. Ikibaki palepale, bado kuna plagi, nozeli na kompresheni. Mashine ya kupimia gari ikisoma P0303 imetaja silinda ya 3 tu, sababu haijaitaja. Nami humpenda zaidi anayeigeuza plagi juani kabla ya kuitupa: kahawia hafifu ni afya, masizi makavu ni petroli kuzidi, na ikitoka imelowa oili, andaa mfuko.

Kuna mtetemo usio na dawa. Nilikuwa na Passo ya cc 1000, nikauziwa mauntingi mbili kwenye gereji moja, na bado kikombe cha chai kilicheza kwenye dashibodi. Fundi wa pili hakufungua hata nati moja. Aliomba Passo ya mteja mwingine iwashwe pembeni, akakiweka kiganja changu kwenye usukani wa kwanza, kisha wa pili.

"Umeona, kaka? Zote silinda tatu. Limezaliwa hivyo."

Nikamuuliza nimpe shilingi ngapi. Akacheka, akarudi chini ya gari alilokuwa analishughulikia.