Bomba la Koch Halikuwa Angahewa

Mchezo uliharibikia kwenye lile bomba. Mwaka 1900 Knut Ångström wa Uppsala alitangaza kwamba hewa ukaa ikiongezeka haitabadili joto la dunia, akiegemea kipimo cha msaidizi wake, Koch: bomba la sentimita 30 lenye gesi hiyo, miale ya infraredi ikapitishwa, kisha kanieneo ikapunguzwa kwa theluthi. Ufyonzaji ukabaki karibu palepale. Basi, mkanda wa ufyonzaji wa gesi hiyo umeshiba, Svante Arrhenius, aliyesema hewa ukaa ikiongezeka dunia itapata joto, amekosea, faili lifungwe! Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho sana; kosa ni uamuzi wa kulifanya bomba moja, lenye kanieneo ya usawa wa bahari, liwakilishe angahewa nzima. Ndani ya bomba lile molekuli hugongana mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila mgongano huvuruga mtetemo, hivyo mstari wa spektra hutanuka. Kwenye mkanda wa maikromita 15, migongano ya huku chini huutanua mstari takriban mara 100 ya upana ambao ungekuwa nao bila migongano. Mabega ya mistari huziba mianya iliyo kati yake, na gesi huonekana imeshiba. Panda kilomita 10: kanieneo imebaki kama robo, mistari imesinyaa, mianya iko wazi, na mvuke wa maji, mfyonzaji mwenzake, ni haba. Sehemu kubwa ya joto la mkanda huu hutorokea anga za juu kutoka huko, na huko gesi ikiongezwa bado ina kazi ya kufanya.

Watetezi wa Ångström husema vyombo vya wakati ule havikuweza kuitenganisha mistari. Ni kweli, lakini asiyeiona mistari anatangazaje kwamba mianya imeziba? Tena mwaka 1901 Ångström mwenyewe alichapisha makala kuhusu ufyonzaji wa gesi unavyotegemea msongamano wake. Swali alikuwa nalo mkononi. Wanaopima nukta mbili wakachora mstari huwa nawalalamikia sana, na kipimo cha Koch kilikuwa cha namna hiyo. John Tyndall, miaka 40 kabla, kule London, alianza na gesi kidogo sana akaongeza hatua kwa hatua, akaona ufyonzaji unavyopanda kisha unavyozidi kuwa mzito kupanda. Uvumilivu huo Uppsala haukuwepo. Hukumu ya bomba ilitawala vitabu hadi Gilbert Plass alipoikokotoa angahewa tabaka kwa tabaka kwa kompyuta, kila tabaka na kanieneo yake, na mwaka 1956 akatoa jibu: hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto hupanda nyuzi 3.6 za Selsiasi.