Nani Aliizamisha Graun? Uhakiki wa Riwaya ya Marco Balzano

Wengi wanaoijua Graun wanaijua kwa picha moja tu: mnara wa kengele wa kanisa umesimama peke yake katikati ya ziwa, na nyuma yake milima yenye theluji. Mnara huo ulijengwa karne ya 14. Chini yake palikuwa na kijiji cha wakulima na wafugaji, mpaka mwaka 1950 maji ya bwawa la kampuni ya Kiitaliano ya Montecatini yalipoifunika Graun pamoja na sehemu ya kijiji jirani cha Reschen. Zilikwenda nyumba 163 na hekta 523 za mashamba na malisho. Ni mahali padogo, mbali na kila mji mkubwa, kaskazini kabisa mwa Italia kwenye Milima ya Alpi, karibu na pale mipaka ya Italia, Austria na Uswisi inapokutana. Riwaya ninayoihakiki hapa, Resto qui, yaani Nabaki Hapa, ilitoka mwaka 2018. Mwandishi wake, Marco Balzano, alizaliwa Milano mwaka 1978. Mimi nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Jill Foulston, maana Kiitaliano sikijui, na jambo hili la tafsiri nitalirudia mbele.

Katika semina yetu riwaya hii ilipewa jina haraka sana: riwaya ya bwawa. Mnyonyaji ni kampuni, mnyonge ni mkulima, bwawa ni ubepari. Kazi imekwisha, twendeni tukale. Mimi nabisha. Sisemi kwamba kampuni haina hatia. Ninasema kwamba bwawa linachukua theluthi tu ya kitabu, ile sehemu ya tatu, na msomaji anayeruka sehemu mbili za mwanzo ili alifikie anakuwa amekosa kiini chenyewe. Kiini hicho ni lugha.

Hebu tuangalie historia kwanza, kwa sababu bila hiyo matendo ya wahusika hayaeleweki. Hadi Vita Kuu ya Kwanza Tirol Kusini ilikuwa sehemu ya dola ya Austria na Hungary, na watu wake wengi walisema Kijerumani. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliwakabidhi kwa Italia. Hawakuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliohama ukawapita. Mafashisti walipotwaa madaraka mwaka 1922 kazi ya kuwageuza kuwa Waitaliano ikaanza kwa nguvu. Majina ya vijiji yalibadilishwa, Graun ikawa Curon. Kijerumani kilifukuzwa shuleni na ofisini, walimu wake wakafukuzwa nacho, na nafasi zao wakapewa walimu kutoka sehemu nyingine za Italia ambao hawakuweza hata kuongea na wazazi wa watoto waliowafundisha. Wenyeji wakajibu kwa kufungua shule za siri, zilizopewa jina la katakombe, kwa kukumbuka yale mahandaki ya Wakristo wa kale, na padri Michael Gamper akawa mmoja wa waliozihimiza. Watoto walijifunza kusoma Kijerumani ghalani, jikoni na kwenye vyumba vya juu.

Trina, msimulizi wa riwaya, ni mmoja wa walimu hao. Amesomea ualimu kwa bidii, na siku anayohitimu kazi yenyewe haipo tena kwa mtu wa lugha yake. Basi anafundisha kwa siri. Rafiki yake Barbara anakamatwa kwa kosa hilohilo na kupelekwa uhamishoni, mbali na milima yake. Sisi tuliosoma Decolonising the Mind (1986) ya Ngũgĩ wa Thiong'o tunaifahamu habari ya mtoto anayeadhibiwa shuleni kwa kusema Kigikuyu, kwa hiyo tukimwona Trina mafichoni na watoto wake tunajiona tumefika nyumbani. Tunapiga makofi. Mwacha asili ni mtumwa!

Sasa hapo ndipo mtego ulipo. Mwaka 1939 Hitler na Mussolini walikubaliana kwamba wasemaji wa Kijerumani wa Tirol Kusini wachague: ama wahamie katika dola ya Hitler na kubaki Wajerumani, ama wabaki kwao na kukubali kuwa Waitaliano. Walipewa hadi mwisho wa mwaka huohuo. Zaidi ya asilimia 80 walichagua kuondoka, ingawa walioondoka kweli walikuwa kama 75,000, maana vita vilivuruga mpango. Lugha ileile iliyofundishwa kwa kujificha, iliyokuwa lugha ya bibi na ya sala, ndiyo iliyokuja sasa na bendera ya Manazi kuwaita watu. Nao waliokataa kwenda walitukanwa na majirani zao kuwa wasaliti. Trina na mumewe Erich ni wa kundi hili dogo, na jina la riwaya linatokana na ukaidi huo kabla halijahusika na maji.

Balzano hatuhubirii jambo hili. Analiweka ndani ya nyumba moja. Binti wa Trina, Marica, anaondoka usiku na shangazi yake pamoja na mume wa shangazi, na hapatikani tena. Anataka kwenda kusoma huko, kwa lugha yake, maisha ambayo kijiji hakimpi. Yaani kile ambacho mama amehatarisha maisha kukitunza ndicho kinachomchukua mtoto. Mtoto wa kiume, Michael, naye anageuka kuwa shabiki wa Hitler. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Tumezoea mlinganyo mwepesi sana katika uhakiki wetu: lugha ya mama ni sawa na ukombozi, lugha ya mgeni ni sawa na utumwa. Riwaya hii haikatai nusu ya kwanza, kwani Trina hajutii kufundisha. Ila inaonyesha kwamba lugha haina dhamiri yake yenyewe. Mafashisti waliionea na Manazi wakaitumia, na aliyeumia mara zote mbili ni mwanakijiji yuleyule.

Ukishaona hivyo, bwawa lenyewe linasomeka kwa namna nyingine. Mipango ya kuinua maji ya maziwa ya hapo ilikuwapo tangu zamani, na mpango wa mwaka 1920 ulizungumzia mita 5 tu. Ule wa Montecatini wa mwaka 1939 ukawa wa mita 22. Tangazo lake lilibandikwa kwenye ubao wa halmashauri, kwa Kiitaliano, mahali ambapo wengi hawakuweza kukisoma. Kisheria watu walijulishwa, na muda wa kupinga ukapita. Jamani, hii si tamathali ya semi ya Balzano, ilitokea kweli! Katika riwaya Trina ndiye anayeweza kusoma, ndiye anayemfasiria Erich na majirani, na baada ya vita ndiye anayeandika barua kwa magazeti na wakubwa. Silaha yake sasa ni Kiitaliano, lugha iliyomnyang'anya kazi. Padri wa parokia, Alfred Rieper katika historia na padri Alfred katika riwaya, anakwenda hadi Roma kumlilia Papa Pius wa 12. Haikusaidia. Mkopo mkubwa kutoka Uswisi, uliotolewa kwa ahadi ya kupata umeme, ulifufua kazi iliyokuwa imekwama.

Lakini mtu anayesema kampuni peke yake ndiyo iliyoizamisha Graun hajamsoma Erich vizuri. Erich anahangaika nyumba hadi nyumba, na watu wanamwambia nini? Kwamba maneno haya wameyasikia tangu utotoni. Kwamba mhandisi amesema hakuna cha kuogopa. Kwamba Mungu hataruhusu. Kazi ilianza ikasimama, ikaanza ikasimama, na kila iliposimama walipata sababu mpya ya kurudi kwenye bia yao. Kurasa hizi ndizo bora kuliko zote, kwa maoni yangu. Mwandishi anawapenda wanakijiji kiasi cha kutowafanya malaika. Wamechoshwa na vita viwili na tawala mbili, wamejifunza kwamba anayenyanyua kichwa hukatwa, na ujuzi huohuo uliowaokoa mwaka 1939 na 1943 ndio unaowaponza mwaka 1947. Rafiki yangu mmoja alidai kwamba huku ni kumlaumu mnyonge. Nimelifikiria sana hilo. Naona kumwonyesha mnyonge akikosea ni tofauti na kumwondolea mkosaji mkuu hatia, na Balzano hamwondolei: yule bwana wa kampuni mwenye kofia, mpole na mwenye maneno laini, anatisha kuliko askari yeyote wa kitabu hiki.

Kifani, uamuzi mkubwa wa mwandishi ni nafsi ya pili. Riwaya nzima ni maneno ya Trina kwa binti yake asiyekuwepo. Kila "wewe" ni Marica. Mbinu hii inazaa matunda pale ambapo mama anajizuia, anaeleza mambo mazito kwa sentensi fupi kama mtu anayehesabu akiba. Inamsumbua pale anapolazimika kumweleza binti historia ambayo binti mwenyewe aliiishi; hapo unasikia mwalimu wa sekondari, maana Balzano ni mwalimu, akimnong'oneza msomaji wa Milano juu ya bega la Trina. Sehemu ya pili, ya kukimbilia milimani wakati wa Manazi, nayo inafanana mno na sinema: baridi, njaa, kuviziana. Nimeisoma kwa kasi na kuisahau kwa kasi. Tena kijiji chenyewe tungependa kukijua zaidi. Ng'ombe wapo, useremala upo, theluji imejaa tele, lakini nani alimiliki shamba gani, walioanza kulegea walikuwa wenye ardhi nyingi au wasio nayo, hatuambiwi. Kwa riwaya inayohusu kupotea kwa ardhi, hili ni pengo.

Nirudi kwenye tafsiri. Trina angemwandikia Marica kwa Kijerumani, hakuna shaka, ndiyo lugha ya nyumba yao. Sisi tunapewa maneno yake kwa Kiitaliano cha mtu wa Milano, lugha ya lile tangazo la kwenye ubao. Je, huu ni wizi wa pili? Katika semina wapo waliosema ndiyo, na kwamba Graun ingepaswa kusimuliwa na mtu wa Graun. Siwezi kuwapuuza. Ila nauliza, nani alihitaji zaidi kuisikia hadithi hii? Watu wa bonde lile hawakuhitaji kuelezwa. Ni Waitaliano waliokuwa wakisimama kando ya ziwa kupiga picha ya mnara bila kuuliza chochote, na riwaya iliyofika fainali ya tuzo ya Strega mwaka 2018 imewasemesha kwa lugha ambayo hawawezi kudai hawakuielewa. Trina aliandika barua zake kwa Kiitaliano kwa hesabu ileile. Zake hazikujibiwa.

Mwaka 2021 maji ya ziwa yalishushwa kwa ajili ya matengenezo, na kwa muda mabaki ya Graun yakaonekana tena: misingi ya kuta, ngazi, vyumba vya chini vya nyumba. Watu walitembea juu yake. Mwaka 1950 nyumba hizo zilikuwa zimelipuliwa kwa baruti kabla maji hayajajaa, na mnara ukaachwa kwa sababu ulikuwa urithi wa kihistoria unaolindwa. Majira ya baridi, ziwa linapoganda, unaweza kuufikia kwa miguu. Wapo wanaosema kwamba kengele zake husikika, ingawa ziliteremshwa tangu Julai 1950.