Jocasta na Jiwe la Malameni

Huko Mbaga, katika milima ya Upare wilayani Same, liko jiwe liitwalo Malameni. Yasimuliwa kwamba hadi miaka ya 1930 watoto waliodhaniwa kuwa na mikosi walitolewa kafara jiweni hapo. Neno “walitolewa” lastahili kuangaliwa. Kiambishi -w- chamficha mtenda: mtoto yupo, jiwe lipo, mkono haupo.

Fumbo hilohilo limo katika hekaya ya Kiyunani ya Oedipus, ambayo Samuel S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode (1971). Katika tamthilia ya Sophocles, Jocasta asema kwamba mtoto hakutimiza siku tatu, Laius akamfunga vifundo vya miguu na kumtupisha mlimani kwa mikono ya watu wengine. Baadaye mchungaji mzee abanwa, naye akiri kwamba aliyempa mtoto huyo ili amwue ni Jocasta mwenyewe. Swali la Oedipus mahali hapo lina kiwakilishi cha kike katika Kiyunani. Kiswahili hakina ila “huyu”, asiye mume wala mke. Mfasiri hana budi kuliegemea neno “mkeo” lililotangulia, la sivyo pigo lote lapotea.

Natalie Haynes wa Uingereza, katika riwaya yake The Children of Jocasta (2017), aisimulia hekaya hiyo upya kwa macho ya Jocasta na bintiye Ismene. Nusu ya kazi hiyo ni njema sana: malkia aliyezoeleka kuwa kivuli cha mumewe aonekana kwanza kama msichana anayeozwa bila kuulizwa. Lakini afikapo kwenye mtoto, mtunzi aogopa. Jocasta aambiwa kwamba mtoto amekufa, na mwingine ndiye amwondoaye. Mama atakaswa, na kwa kutakaswa arudishwa ndani ya -w-. Ni ajabu kwamba mwanamume wa karne ya 5 K.K. alimwachia mwanamke huyu uwezo wa kutenda ambao mtetezi wake wa leo amemnyang’anya.

Margaret Atwood wa Kanada hakuliogopa jambo hilo. Katika The Penelopiad (2005), Penelope ajieleza kwa ufasaha, ila wajakazi kumi na wawili walionyongwa wamkatiza mara kwa mara na kumsuta. Bibi ana kinywa, tena ana deni.

Mwanamke wa Upare atakayeitungia Malameni hadithi atakuwa na sentensi tatu mbele yake: “wazee walimtoa”, “baba alimtoa”, “nilimtoa”. Hiyo ya tatu hata Sophocles hakumpa Jocasta aitamke; alimwachia mchungaji.