Rufaa Isiyofuatwa: Funzo la Kasongo kwa Mwandishi wa Tasnifu

Wanafunzi wengi wa uzamili katika saikolojia ya afya huanza na swali lenye sura ya lawama: kwa nini watu hawafuati ushauri wa mganga? Swali la namna hiyo huja na jibu lake mfukoni, kwamba watu hawana elimu, na tasnifu nzima hugeuka kuwa safari ya kulithibitisha. Kasongo, kusini mwa Maniema, ina mfano bora wa jinsi swali hilohilo linavyoweza kupangwa likapimika. Unahusu wajawazito walioambiwa wakajifungulie hospitalini.

Tangu miaka ya 1970, madaktari na wauguzi wa Zaire, yaani Kongo ya leo, walishirikiana na wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, wakiwemo Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, kujenga mtandao wa vituo vya afya kuizunguka hospitali ya Kasongo. Mwaka 1988 daktari Mkongo Kasa Asila Pangu alitetea tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels kuhusu jinsi vituo hivyo vilivyopangwa na kuanzishwa. Mradi ulikuwa na desturi moja ambayo mtafiti yeyote angeitamani: kila kituo kilijua kinahudumia watu gani, na fishi zake zilitunzwa. Kwa hiyo iliwezekana kumhesabu aliyekuja na hata ambaye hakuja.

Kwanza, kipimo chenyewe kikapimwa

Siku hizo mkakati uliosifiwa duniani ulikuwa wa kuwachuja wajawazito mapema. Mwuguzi aangalie dalili rahisi, hasa historia ya uzazi uliopita, awatenge walio hatarini na kuwapa karatasi ya rufaa. Badala ya kuuamini mkakati huo kwa sababu unasikika vizuri, timu ya Kasongo iliwafuatilia wanawake mpaka wakajifungua, kisha ikalinganisha kilichotabiriwa na kilichotokea.

Matokeo yakawa ya kutajwa kwa miaka mingi. Katika wanawake waliopata uchungu uliokwama, asilimia 71 hawakuwa wameorodheshwa kuwa hatarini. Na katika wale walioorodheshwa, asilimia 90 hawakupata tatizo hilo.

Namba hizi mbili zina vigawanyo tofauti, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Ya kwanza inaanza na waliopatwa na shida na kurudi nyuma kutazama nani alitabiriwa. Ya pili inaanza na waliotabiriwa na kwenda mbele kutazama nani alipatwa. Ukizichanganya katika sura ya nne, jopo litakurudisha nyumbani, na litakuwa na haki.

Pili, kutii rufaa kukahesabiwa

Mwaka 1995 Bruno Dujardin na wenzake, wakiwemo Bart Criel na Vincent De Brouwere, walichapisha katika jarida la Social Science & Medicine uchambuzi wa Kasongo kuhusu wanawake waliopewa rufaa. Walio wengi hawakujifungulia hospitalini.

Ukiisoma habari hii peke yake, utasema akina mama ni wakaidi. Isome pamoja na ile asilimia 90. Katika wanawake 10 walioonywa, 9 hawakukwama. Shangazi alionywa akajifungua salama nyumbani, jirani vilevile, na mwenyewe huenda mimba iliyopita ilikuwa hivyohivyo. Onyo lisilotimia mara tisa katika kumi hupungua uzito masikioni, na anayelipuuza anatumia ushahidi alio nao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeandika karatasi ya rufaa hahesabu pesa za safari, watoto wanaobaki nyumbani, wala chakula cha anayemsindikiza.

Saikolojia ya afya ina chombo cha zamani cha kupanga mambo haya. Katika miaka ya 1950 Godfrey Hochbaum aliwachunguza Wamarekani waliopewa nafasi ya kupigwa picha ya kifua kupima kifua kikuu. Kati ya walioamini kwamba ugonjwa unaweza kuwapata na kwamba kupimwa mapema kuna faida, asilimia 82 walikuwa wamekwenda kwa hiari yao. Kati ya wasioamini lolote kati ya hayo mawili, waliokwenda walikuwa asilimia 21. Utafiti huo ni mmoja wa misingi ya nadharia ya imani za afya, inayotazama jinsi mtu anavyoiona hatari, ukali wake, faida ya kuchukua hatua, na vikwazo vilivyo njiani.

Tasnifu ya Nyangwe ingeandikwaje

Chukua Nyangwe, mji wa soko wa kale kando ya Lualaba, na mama anayepaswa kusafiri makumi ya kilomita hadi Kasongo mjini. Mwanafunzi wa Kasongo au Kindu anayetaka kupima imani ya mama huyo kuhusu hatari lazima aamue mapema: atamuuliza lini?

Akimuuliza baada ya kujifungua, amekwisha kupotea. Aliyejifungua salama nyumbani atasema hakuona hatari tangu mwanzo. Aliyekwama akapasuliwa atasema alihofia siku zote. Matokeo yameshapaka rangi kumbukumbu. Swali liulizwe siku ya kupewa karatasi ya rufaa, jibu liandikwe kwenye fishi, kisha mama afuatiliwe. Ugumu wa kazi uko hapo, na thamani ya tasnifu iko hapohapo.

Halafu kuna hesabu ya sampuli. Tuseme unatarajia theluthi moja watatii rufaa, nawe unataka ukingo wa makosa wa pointi 10 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Unahitaji wanawake wapatao 85. Je, watapatikana? Kwa kawaida ya mipango ya afya ya Kongo, mimba kwa mwaka hukadiriwa kuwa asilimia 4 ya watu. Kituo cha watu 10,000 kina mimba 400. Tuseme moja katika kumi itapewa rufaa: ni wanawake 40 kwa mwaka, 20 kwa miezi sita. Ukikusanya takwimu kwa miezi sita, kituo kimoja hakitoshi, unahitaji vitano. Hesabu hii inachukua nusu saa kwenye karatasi, na ikifanywa kabla ya pendekezo kupitishwa, inaokoa mwaka mzima.

Dodoso nalo lisimwishie mama peke yake. Uamuzi wa kuondoka mara nyingi hufanywa na mume, mama mkwe na anayeshika pesa, kwa hiyo mahojiano machache ya kina na hao yataeleza kile ambacho alama za dodoso haziwezi. Mwisho kuna suala la maadili. Mtafiti hawezi kukaa akihesabu tu huku mama aliye hatarini akibaki kijijini. Mwuguzi mkuu wa kituo ajue orodha, na itifaki iseme wazi nani atachukua hatua gani, na wakati gani.

Hukumu

Nguvu ya kazi ya Kasongo ilikuwa kuyatilia shaka mambo mawili kwa pamoja, tabia ya mama na ubora wa ushauri aliopewa. Baadaye dunia ilifuata. Mkutano wa uzazi salama uliofanyika Colombo mwaka 1997 ulisisitiza kwamba kila mimba ina hatari, na mkazo ukahamia kwenye mhudumu mwenye ujuzi na huduma ya dharura iliyo karibu.

Kwa hiyo, wewe unayefungua sura ya tano, usiandike pendekezo la kawaida kwamba akina mama waelimishwe kama takwimu zako hazijaonyesha kwamba elimu ndiyo iliyowatenganisha waliokwenda na wasiokwenda. Kama kilichowatenganisha ni nauli, andika nauli. Kama ni onyo lisiloaminika, andika hivyo. Na nakala ya kwanza ipeleke kwa mwuguzi aliyekufungulia fishi zake.